Linux inalala lakini haiamki na kazi zako: kutafuta hitilafu ya haibanesheni kwenye faili la swapu

Nilianza kuhangaika na haibanesheni kwa sababu ya betri. Laptopu yangu ni ya mtumba, na umeme ukikatika betri inashika kama dakika kumi na tano tu. Usingizi wa kawaida, ule wa kufunga kifuniko, unaendelea kula betri kidogo kidogo ili RAM isisahau kitu. Luku ikiisha usiku watu wamelala, asubuhi kila kilichokuwa wazi kimekwenda. Haibanesheni ni usingizi mzito: kerneli, kiini cha Linux, inanakili yaliyomo kwenye RAM, inayaandika kwenye diski, kisha mashine inazimika kabisa. Ukiwasha hata baada ya wiki unakuta kila kitu pale ulipokiacha, hadi kishale katikati ya sentensi.

Picha hiyo ya RAM huandikwa kwenye swapu, eneo la diski linaloisaidia RAM ikijaa, na siku hizi wengi wetu hatuna patisheni ya swapu, yaani sehemu ya diski iliyotengwa kwa kazi hiyo. Ubuntu, kwa mfano, tangu toleo la 17.04 huweka faili badala ya patisheni. Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Wakati wa kuamka, mfumo wa mafaili bado haujafunguliwa, na haupaswi kufunguliwa kabla picha haijasomwa. Kwa hiyo jina `/swapfile` halina maana yoyote kwa kerneli saa ile. Inahitaji kuelekezwa kwa namba: kifaa kipi, na kwenye kifaa hicho bloku ya ngapi (ofseti). Kifaa ni nyumba, ofseti ni chumba. Ukitaja nyumba bila chumba, mgeni atabaki amesimama uani.

Nimeona watu wengi wakibandika amri kumi kwa mpigo, ikikataa wanabandika kumi nyingine. Usifanye hivyo. Safari ya haibanesheni ina hatua, na kila hatua ikikwama huacha dalili yake. Anza na dalili uliyoiona wewe, uende moja kwa moja kwenye sehemu yake hapa chini. Mifano yangu ni ya Ubuntu na Debian zenye mfumo wa mafaili wa ext4. Palipo na tofauti kwa Fedora, Arch au Btrfs nimetaja.

## Amri inakataliwa papo hapo

Umeandika `systemctl hibernate`, ukajibiwa kwa ujumbe wa kukataa, na skrini haikuzima hata kidogo. Uliza kerneli kwanza:

```
cat /sys/power/state
cat /sys/power/disk
```

Jibu la kwanza linatakiwa liwe na neno `disk`. Kama halipo, na jibu la pili ni `[disabled]`, kerneli yenyewe imeifunga haibanesheni, na huna haja ya kugusa swapu kwanza. Mara nyingi sababu ni Secure Boot, ulinzi unaoruhusu programu zilizosainiwa tu wakati wa kuwaka. Angalia:

```
cat /sys/kernel/security/lockdown
```

Ukiona mabano yamezunguka `[integrity]`, umeshaipata. Secure Boot ikiwa imewashwa, kerneli za Ubuntu na Fedora hujifungia, na haibanesheni ni mojawapo ya vitu vinavyozuiwa. Hoja yao ni ya msingi: picha ya RAM ikikaa kwenye diski, mtu anaweza kuichezea mashine ikiwa imezimwa, na kerneli ikiamka itaendesha alichopachika bila kujua. Njia ya kawaida ni kuzima Secure Boot kwenye mipangilio ya BIOS. Kama laptopu hiyo ina Windows pia na diski yake imefungwa kwa BitLocker, tafuta ufunguo wa kurejesha uuandike mahali salama kabla hujagusa Secure Boot, kwa sababu Windows inaweza kuudai ukiwasha mara ya kwanza baada ya mabadiliko hayo.

Kama `disk` lipo lakini systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, analalamika `Not enough suitable swap space` au maneno yanayofanana na hayo, tazama swapu uliyonayo:

```
swapon --show
```

Watumiaji wa Fedora wataona `/dev/zram0` peke yake. Fedora inatumia zram kama swapu ya kawaida tangu toleo la 33. zram ni swapu inayokaa ndani ya RAM yenyewe, imebanwa tu. Umeme ukizima na yenyewe inazimika, kwa hiyo haiwezi kutunza picha. Huna haja ya kuiondoa. Ongeza faili la swapu kwenye diski kando yake, kila moja itafanya kazi yake.

Kuhusu ukubwa, kerneli hujaribu kuibana picha ifikie kama sehemu mbili kwa tano za RAM, lakini hicho ni kiwango inacholenga tu. Ukiwa na programu nyingi zilizo wazi picha itavuka hapo. Tena swapu hiyo hiyo huenda tayari imeshikiliwa na kurasa nyingine. Ushauri wangu ni kutenga swapu isiyopungua RAM, na nafasi ya ziada kidogo. Kwa RAM ya GB 8, mimi niliweka GB 12:

```
sudo swapoff /swapfile
sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=12288 status=progress
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
```

Hakikisha pia faili limeandikwa kwenye `/etc/fstab`, la sivyo mashine ikiwashwa upya swapu haitakuwepo.

Fedora ina kikwazo kingine ambacho watu hukipita bila kukiona: SELinux, ulinzi unaotoa ruhusa kwa kufuata lebo za mafaili. Faili la swapu linatakiwa liwe na lebo ya `swapfile_t`. Bila hiyo systemd-logind ananyimwa ruhusa ya kulikagua, na wewe unaambiwa haibanesheni haiwezekani wakati kila kitu kingine kiko sawa. Tumia `semanage fcontext -a -t swapfile_t` kwa njia ya faili lako, kisha `restorecon` juu yake.

## Mashine inazimika vizuri, ukiwasha inaanza upya

Hii ndiyo inayoliza watu wengi. Taa ya diski imewaka, mashine imezimika kama inavyotakiwa, unawasha kwa furaha na unakutana na skrini ya kuingia kana kwamba hakuna kilichokuwa wazi.

Swali la kwanza ni kama picha iliandikwa kweli. Kuna alama moja inayolijibu. Wakati wa kulala, kerneli hubadilisha saini iliyo mwanzoni mwa faili la swapu, kutoka `SWAPSPACE2` kuwa `S1SUSPEND`. Mashine ikiwaka bila kuisoma picha, `swapon` hukuta saini hiyo ngeni, huirudisha ya kawaida, na huacha ujumbe kwenye kumbukumbu:

```
journalctl -b | grep -i 'software suspend'
```

Ukiona `software suspend data detected. Rewriting the swap signature.`, pumua. Picha iliandikwa salama, ila wakati wa kuwaka hakuna aliyekwenda kuichukua. Acha kuhangaika na ukubwa wa swapu au madereva; tatizo ni anwani, na liko kwenye kigezo cha kerneli au kwenye initramfs, mfumo mdogo unaowaka kabla ya mfumo wenyewe.

Mimi nilikaa siku mbili hapa, na kosa lilikuwa dogo mno. `mkswap` ikimaliza kazi huchapisha UUID, yaani namba ya utambulisho. Nikaichukua ile UUID, nikaiweka kwenye GRUB, kipakiaji kinachoiwasha Linux. Inaonekana ndiyo yenyewe, maana imetoka kwenye swapu yenyewe, lakini ni namba iliyofichwa ndani ya faili, na wakati wa kuwaka hakuna kifaa chenye jina hilo. Mashine ilikuwa inasubiri nusu dakika, inaandika `Gave up waiting for suspend/resume device`, kisha inaanza upya. Na bado ilikuwa inalala vizuri, kwa sababu systemd alipokuta kerneli haina anwani yoyote alijitafutia swapu mwenyewe na kuiambia kerneli papo hapo. Kulala kulifanikiwa kwa anwani aliyoitafuta systemd. Kuamka kulishindwa kwa anwani niliyoiandika mimi. Ndiyo maana mashine kulala bila matatizo si ushahidi kwamba mipangilio yako iko sawa.

UUID inayotakiwa ni ya mfumo wa mafaili uliobeba faili la swapu:

```
findmnt -no UUID -T /swapfile
```

Baada ya hapo, ofseti:

```
sudo filefrag -v /swapfile | head -n 5
```

```
Filesystem type is: ef53
File size of /swapfile is 12884901888 (3145728 blocks of 4096 bytes)
 ext:     logical_offset:        physical_offset: length:   expected: flags:
   0:        0..   32767:    1529856..   1562623:  32768:
   1:    32768..   65535:    1562624..   1595391:  32768:
```

Soma mstari unaoanza na `0:` peke yake. Namba mbili za kwanza, 0 na 32767, ni mpangilio wa ndani ya faili, ziache. Unayoitaka ni ya kwanza chini ya `physical_offset`, yaani 1529856, bila zile nukta mbili mbele yake. Nimeona watu wakichukua 1562623, ambayo ndipo kipande cha kwanza kinapoishia. Mistari inayofuata haikuhusu hata kama faili limekatika vipande ishirini, kwa sababu kerneli ikishapata kichwa cha swapu, humo humo inakuta ramani ya kurasa zote za picha.

Kwa wenye Btrfs, usitumie `filefrag` kabisa. Btrfs ina tabaka lake la anwani, na namba utakayopewa si mahali halisi kwenye diski. Tumia hii:

```
sudo btrfs inspect-internal map-swapfile -r /swap/swapfile
```

Hiyo inakupa ofseti iliyokwisha kugawanywa kwa ukubwa wa kurasa, tayari kuandikwa. Na faili lenyewe litengeneze kwa `btrfs filesystem mkswapfile`, ndani ya sabvoliumu yake lenyewe. Amri zote mbili zinahitaji btrfs-progs 6.1 au zaidi.

Sasa andika anwani kwenye `/etc/default/grub`, kwenye mstari mmoja:

```
GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash resume=UUID=<uuid-yako> resume_offset=1529856"
```

Halafu initramfs, ule mfumo mdogo unaowaka kabla ya mfumo wenyewe, maana ndio unaopeleka anwani ya kifaa kwa kerneli. Kwenye Debian na Ubuntu zinazotumia initramfs-tools, fungua `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume` uandike `RESUME=UUID=<uuid-yako>`. Faili hilo huenda tayari lipo, likitaja patisheni ya swapu uliyoifuta zamani. Hiyo nayo huleta ule usubirifu wa nusu dakika hata kwa mtu asiyewahi kutumia haibanesheni. Malizia:

```
sudo update-initramfs -u -k all
sudo update-grub
```

Washa upya, kisha hakikisha kwa macho yako: `cat /proc/cmdline`. Kama `resume=` na `resume_offset=` hazimo humo, basi ulihariri faili ambalo kipakiaji chako hakilisomi. Wanaotumia systemd-boot, kipakiaji kingine badala ya GRUB, hukutana na hili kila mara, kwa kuwa `/etc/default/grub` haiwahusu. Angalia na `cat /sys/power/resume`: ukiona `0:0`, initramfs haikukipata kifaa.

Arch ina utaratibu wake. Kama `HOOKS` kwenye `/etc/mkinitcpio.conf` ina `udev`, ongeza `resume` baada yake na kabla ya `filesystems`. Diski ikiwa imefungwa kwa usimbaji wa LUKS, `encrypt` itangulie, maana huwezi kuingia chumbani kabla mlango wa nje haujafunguliwa. Kama `HOOKS` yako ina `systemd` badala ya `udev`, na mashine ni ya UEFI, huenda usihitaji vigezo hivi kabisa: tangu systemd 254, anwani huandikwa kwenye EFI wakati wa kulala na kusomwa wakati wa kuwaka. Kwenye Fedora, hakikisha moduli ya `resume` imo kwenye mipangilio ya dracut, inayotengeneza initramfs huko, kisha `sudo dracut -f`.

Na kama swapu yako iko kwenye patisheni inayofungwa kwa ufunguo wa nasibu kila mashine inapowaka, yaani `/dev/urandom` kwenye `/etc/crypttab`, hakuna namna. Ufunguo ulioifunga picha umepotea pamoja na umeme.

## Skrini inazima, kisha inarudi yenyewe

Hapa kerneli ilianza safari ikaghairi. Sababu imeandikwa:

```
journalctl -b -k | grep -iE 'PM:|freez'
```

`Freezing of tasks failed` (kerneli mpya huandika `Freezing user space processes failed`) maana yake kuna mchakato uliokataa kugandishwa kwa sekunde 20 zilizotolewa, na jina lake linafuata chini. Mara nyingi ni folda ya mtandao, NFS au sshfs, ambayo seva yake haipatikani tena. Iondoe kwa `umount -l` ujaribu upya.

`Not enough free swap` inajieleza. Unaweza kuilazimisha kerneli ibane picha kadiri iwezekanavyo kwa `echo 0 | sudo tee /sys/power/image_size`. Kulala kutachukua muda zaidi, na mashine itakuwa nzito kidogo dakika za kwanza baada ya kuamka.

`Cannot find swap device` inakurudisha kwenye anwani.

## Inaisoma picha, halafu giza

Umeona diski ikifanya kazi, umepata matumaini, kisha skrini nyeusi na kibodi imekufa. Anwani iko sawa. Aliyeshindwa kuamka ni dereva wa kifaa fulani. Wa kwanza kumshuku ni kadi ya picha. Kwa dereva rasmi wa NVIDIA, washa `nvidia-hibernate.service` na `nvidia-resume.service`, na uweke chaguo la moduli `NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1`; bila hivyo yaliyokuwa kwenye kumbukumbu ya kadi hayahifadhiwi.

Kama si hiyo, kerneli ina jaribio zuri lisilohitaji kuzima mashine:

```
echo test_resume | sudo tee /sys/power/disk
echo disk | sudo tee /sys/power/state
```

Inaandika picha halisi na kuisoma palepale. Hifadhi kazi zako kwanza. Ikirudi salama, kuandika, kusoma na madereva viko sawa, na lililobaki ni kipakiaji au initramfs. Ikiganda, punguza eneo la kutafuta kwa `/sys/power/pm_test`: weka `freezer`, kisha `devices`, kisha `platform`, ukiendelea hivyo, na kila mara anza kulala. Mashine itafika hatua hiyo, itasubiri sekunde tano na kurudi. Hatua inayogandisha ndiyo yenye mhalifu. Ukimaliza, rudisha `none` kwenye `pm_test` na `platform` kwenye `disk`, usije ukalala siku nyingine ukidhani mashine imezimika.

## Haizimiki, au inajiwasha tena

Picha imeandikwa lakini feni inaendelea kuzunguka, au mashine inazima na kuwaka yenyewe. BIOS nyingine haziiwezi hali ya `platform`. Kwenye `/etc/systemd/sleep.conf`, chini ya `[Sleep]`, weka `HibernateMode=shutdown`. Kwa kawaida inatosha.

## Ilikuwa inafanya kazi, siku moja ikaacha

Jiulize kama umegusa faili la swapu: umelifuta, umeliongeza ukubwa, umehamisha mfumo kwenda SSD mpya. Faili jipya, hata likiwa na jina lile lile, linakaa mahali pengine kwenye diski, na ofseti ya zamani sasa inaelekeza kwenye data za kitu kingine. systemd za siku hizi huligundua hili kabla ya kulala na kukataa kwa ujumbe wa `Specified resume device is missing or is not an active swap device`. Pima ofseti upya, rekebisha GRUB, sasisha, washa upya. Sababu nyingine ni Secure Boot kuwa imewashwa tena baada ya kusasisha BIOS.

## Kitufe hakionekani kwenye menyu

`sudo systemctl hibernate` inafanya kazi, lakini menyu ya kuzima haina chaguo hilo. Ubuntu imelizuia kwa sheria za polkit, mfumo wa kugawa ruhusa. Ruhusa inayohusika ni `org.freedesktop.login1.hibernate`, ifungulie kwa sheria yako ndani ya `/etc/polkit-1/rules.d/`. Baadhi ya mazingira ya eneo-kazi hayana kitufe hicho hata baada ya ruhusa, na hapo nyongeza au njia ya mkato ya kibodi itakusaidia.

## Usiguse diski ikiwa imelala

Mashine ikiwa kwenye haibanesheni, mfumo wa mafaili uko nusu: sehemu kwenye diski, sehemu kwenye picha. Ukiwasha kwa flashi ya Linux nyingine na kufungua patisheni ile ili unakili faili moja tu, au Windows yenye programu ya kusoma ext4 ikaigusa, diski inabadilika bila picha kujua. Ukiiamsha baada ya hapo, kerneli itaandika ikiamini diski bado ni ile ya jana, na mafaili yataharibika vibaya, tena kimya kimya.

Kama umeshafanya hivyo, usiiamshe. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza `e`, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, ongeza `noresume`, kisha bonyeza Ctrl+X. Mashine itaanza upya na picha itatupwa. Utapoteza vilivyokuwa wazi tangu ulipolala, lakini mfumo wa mafaili utakaguliwa na kubaki mzima.